Ndoo ya Mchanga wa Kusubia: Udongo wa Kichuguu, Maji na Kukanda

Katika karakana yangu ndogo iliyoko nyuma ya nyumba, mjini Morogoro, ipo ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Ndani yake mna mchanga wenye unyevu, mweusi kama masizi, ambao nimeutumia kusubia alumini, nikaurudishia udongo na maji, nikautumia tena na tena, na huu ni mwaka wake wa tano. Gharama yake ya mwanzo ilikuwa nauli ya bodaboda ya kwenda mtoni na kurudi, pamoja na jasho. Ninauandikia makala nzima kwa sababu vijana wengi wanaonijia wakitaka kujifunza kusubu huanza kwa kuuliza habari za tanuri na feni ya kupulizia mkaa, ilhali kazi zao nyingi zinaharibikia kwenye mchanga, na wenyewe huamini kwamba mchanga mzuri ni ule ulioagizwa kutoka nje kwa fedha nyingi. Kwa kadiri nilivyoona kwa macho yangu, mchanga wa bei ya chini humwangusha fundi kwa sababu haukukandwa vya kutosha wala haukuachwa ulale.

Kwa asiyeijua kazi hii, kusubu ni kuyeyusha metali na kuimimina ndani ya kalibu ili igande ikiwa na umbo unalolitaka. Kalibu ya mchanga hutengenezwa ndani ya fremu mbili za mbao zisizo na kitako wala mfuniko, moja ya chini na moja ya juu. Mfano wa mbao wa kitu unachotaka kukisubu huwekwa kati, mchanga hushindiliwa kuuzunguka, fremu hutenganishwa, mfano huchomolewa taratibu, na uwazi unaobaki ndio utakaojazwa metali kupitia tundu la kumiminia. Mchanga huo unadaiwa mambo matatu ambayo hayapatani kwa urahisi. Lazima usimame wenyewe bila kumomonyoka mfano unapotolewa, tena usimame hata metali nzito inapopita juu yake. Lazima ustahimili joto, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye sentigredi 660 na mimi huimimina ikiwa kati ya 700 na 750, na shaba ya manjano humiminwa ikiwa zaidi ya 1,000. Tena lazima upumue, maana hewa iliyomo ndani ya kalibu na mvuke unaozaliwa pale joto linapokutana na unyevu vinatafuta njia ya kutokea, na visipoipata kwenye mchanga vitaipata kwenye metali.

Kinachozishikanisha chembe za mchanga ni udongo. Udongo ukizidi, kalibu husimama imara kama tofali lakini haipumui. Ukipungua, inapumua vizuri lakini inabomoka mkononi. Viwanda vingi vinavyotumia mchanga mbichi, yaani mchanga unaomiminiwa ukiwa bado na unyevu wake, huchanganya mchanga wa silika na bentonaiti, yaani udongo unaovimba na kushika kwa nguvu ukipata maji, ya kiasi cha asilimia 6 hadi 10 ya uzito, na maji ya asilimia 3 hadi 4 hivi. Ukizitazama namba hizo kwa makini utagundua kwamba zaidi ya sehemu nane katika kumi za mchanganyiko wote ni mchanga wa kawaida, nao tunao tele. Kinachotafutwa ni kile kidogo kinachobaki.

Mimi niliingia katika kazi hii kwa sababu ya puli. Mama mmoja jirani yetu ana mashine ya kusaga, na puli ya mashine hiyo, yaani gurudumu linalozungushwa na mkanda, ilipasuka ukingoni wakati wa mavuno, foleni ya ndoo za mahindi ikiwa imefika barabarani. Nilimwambia kwa ujasiri kwamba nitamtengenezea nyingine ya alumini. Nilichukua mchanga wa plasta uliobaki kwenye ujenzi wa jirani, nikauchanganya na udongo wa mfinyanzi kwa kukadiria kwa macho, nikamwagia maji mpaka ukashikana vizuri mkononi, nikashindilia kwa nguvu zangu zote nikidhani kwamba kalibu ngumu ndiyo kalibu bora. Nilipomimina, metali ilishuka kwenye tundu kwa muda wa pumzi moja, kisha nikasikia mngurumo kama wa sufuria ya maharage inayochemka, na alumini ikarudi juu ikitapika matone. Tone moja lilipenya kwenye uwazi wa kiatu changu, na kovu lake ninalo hadi leo juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Puli yenyewe nilipoivunja kutoka kwenye mchanga ilikuwa na matundu kama mkate wa mofa.

Siku zile sikujua jambo ambalo sasa humwambia kila kijana kabla hajashika beleshi: maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Kijiko kimoja cha maji yaliyojikusanya pahali pamoja ndani ya kalibu hugeuka ndoo nzima ya mvuke katika kufumba na kufumbua, na mvuke huo ukikuta mchanga ulioshindiliwa kupita kiasi na kujaa vumbi laini, hauna pa kwenda.

Wiki chache baadaye nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli nyingine, nikapita kwa mzee mmoja anayesubu sufuria kando ya barabara. Nilimpa shikamoo, nikamweleza habari ya puli yangu, na kwa bahati nilikuwa nimebeba kibonge cha mchanga wangu ndani ya mfuko wa nailoni. Alikibonyeza kwa kidole gumba, akakivunja vipande vinne, akavitazama kwenye mwanga. Akaniambia, «Mwanangu, mchanga huu umelewa huku na una kiu kule.» Kisha akanionyesha: kipande kimoja kilikuwa na chembe za udongo mbichi uliojikunyata kama punje ya mtama, na kando yake chembe za mchanga zilikuwa tupu kabisa, hazina udongo wala unyevu. Aliniagiza nirudi nyumbani nikaukanyage mchanga kama watu wanavyokanyaga udongo wa kukandikia nyumba, niukanyage mpaka nichoke, halafu niufunike ulale, na kesho yake niukanyage tena.

Sababu ya agizo lile niliielewa baadaye niliposoma kuhusu udongo. Udongo unaoshika umeundwa kwa vibapa vyembamba mno ambavyo jicho haliwezi kuviona, na vibapa hivyo hushikana pale tu vinapokuwa na utando mwembamba wa maji kati yao. Maji yakikosekana, ni vumbi. Maji yakizidi, vibapa huteleza na kuachana. Kila chembe ya mchanga inahitaji kuvishwa koti la vibapa hivyo pande zote, na koti halivai lenyewe kwa kumwagiwa maji, linavishwa kwa kusuguliwa chembe kwa chembe. Viwandani kuna mashine yenye magurudumu mazito yanayozunguka juu ya mchanga na kuukanda. Nyumbani kuna miguu yenye buti, na kuna muda.

Sasa nieleze vifaa vyenyewe, nikianza na mchanga. Wa mtoni ndio ninaoutumia, lakini mito yetu inayoshuka kutoka Milima ya Uluguru ina jambo lake. Ukishika konzi ya mchanga wa Ngerengere na kuigeuzageuza juani, utaona vipande bapa vinavyometameta. Huo ni ulanga, madini ambayo yaliwahi kuchimbwa katika milima hiyohiyo, na kwenye kalibu ni adui, kwa sababu vipande vyake hulala kama magamba ya samaki na kuziba njia ya hewa. Bahati nzuri ulanga huelea kirahisi. Ninajaza karai nusu mchanga, ninamimina maji, ninakoroga kwa mkono kwa kasi, kisha ninamwaga maji yale yangali yanazunguka, nayo yanaondoka na ulanga, majani na matope. Ninarudia mpaka maji yanayomwagwa yawe na rangi ya chai ya rangi iliyopauka, si ya maziwa. Baada ya hapo mchanga unaanikwa kwenye turubai.

Wanaoishi pwani wana mchanga wa bahari mlangoni, na mwonekano wake mweupe unadanganya. Una chumvi, ambayo hudhoofisha udongo usivimbe na kushika inavyotakiwa, na una vipande vya makombe na matumbawe. Chumvi inaondoka kwa kusuuzwa mara kadhaa kwa maji baridi ya bomba au kisima, lakini makombe hayaondoki. Kamulia ndimu juu ya kijiko cha mchanga uliokauka, na ukiona povu, tambua kwamba umeshika chokaa, ambayo chini ya joto la shaba hutoa gesi na kutoboa kazi yako. Kwa alumini, ambayo joto lake ni dogo, mchanga wenye makombe machache unavumilika. Kwa shaba nisingeuthubutu.

Kuhusu ukubwa wa chembe, huchekecha mara mbili. Kwanza hutumia wavu wa kuzuia mbu wa dirishani, uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao, ili kutoa kokoto na mizizi. Kinachopita hukipitisha kwenye chujio la chai la waya mwembamba, na kile kinachopita tena hukihifadhi peke yake. Huo laini ni mchanga wa uso, unaogusa mfano wa mbao, na ule mwingine ni wa kujazia nyuma yake. Hapa ndipo akiba kubwa ilipo, na sijui kwa nini watu hawaizungumzi sana: uso wa kitu kinachosubiwa unaguswa na sentimita mbili tu za mchanga, kwa hiyo ni sentimita hizo mbili zinazohitaji kazi nzuri na udongo bora. Zilizobaki zinahitaji kusimama na kupumua, basi.

Udongo ndio sehemu iliyonifundisha mengi. Kabla ya bentonaiti kusambaa duniani, mafundi wa kusubu walitafuta ardhi ambayo Mungu ameshaichanganya mchanga na udongo pamoja. Wafaransa walitegemea mchanga wa Fontenay-aux-Roses karibu na Paris, Wamarekani walichimba mchanga wa Albany katika jimbo la New York, na Waingereza walikuwa na mchanga mwekundu wa Mansfield. Ulichotwa shambani, ukachekechwa, ukaloweshwa, ukatumika. Nilipolijua hilo niliacha kutazama madukani, nikaanza kutazama chini ya miguu yangu, na jambo la kwanza lililoniinukia mbele ya macho lilikuwa kichuguu kilicho nyuma ya shamba la mihogo la shemeji yangu.

Mchwa hupanda na chembe laini kutoka chini ya ardhi, huzichanganya na mate yao, na kile wanachokijenga huwa na udongo mwingi kuliko ardhi inayokizunguka. Wazee wetu walilijua hili zamani. Wahaya wa Kagera, ambao ufuaji wao wa chuma ulichunguzwa na mwanaakiolojia Peter Schmidt katika miaka ya 1970, walijenga tanuri zao kwa mavi ya chuma ya zamani na udongo wa kichuguu. Wao hawakusubu chuma, walikipata kikiwa bonge na kukifua kwa nyundo, lakini waliuchagua udongo ule kwa kuwa ulistahimili moto. Kusubu kwenyewe nako hakukuwa kugeni katika ukanda wetu: mafundi wa Katanga walikuwa wakimimina shaba nyekundu katika kalibu na kupata vipande vya umbo la msalaba vilivyotumika kama fedha, karne nyingi kabla ya kampuni za migodi kufika huko.

Si kila kichuguu kinafaa, kwa hiyo kuna kipimo cha chupa. Jaza udongo uliopondwa mpaka theluthi moja ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ongeza maji mpaka karibu na shingo, tia ncha ya kijiko ya sabuni ya unga ili chembe ziachane, funga, tikisa kwa dakika tano, kisha weka mezani na usiiguse. Mchanga hutua kabla hujamaliza kuhesabu hadi sitini. Baada yake hutua vumbi laini, ambalo linachukua saa kadhaa. Udongo wenyewe unabaki ukielea, maji yakiwa mazito kama ya mchele, na huenda usitue hata baada ya siku nzima. Ninachokichukia ni lile tabaka la katikati. Vumbi laini halishiki kama udongo wala halipumui kama mchanga, linakaa tu katika nafasi zilizo kati ya chembe na kuziziba. Kichuguu cha shemeji kilionyesha tabaka la katikati lisilozidi unene wa kidole, na juu yake udongo mwingi mwekundu, nikajua nimepata.

Kuusafisha ni kazi ya subira lakini haina gharama. Udongo uliopondwa unalowekwa kwenye ndoo usiku mzima, asubuhi unakorogwa kwa mti, unaachwa dakika moja au mbili ili mchanga na vumbi zito vitue, kisha maji yenye udongo yanamwagwa polepole kwenye ndoo ya pili kupitia kipande cha kanga kuukuu. Ndoo hiyo ya pili inaachwa siku tatu. Maji safi yanayojitenga juu yanachotwa, na kinachobaki chini ni uji mzito, laini kama losheni, ambao ukiupaka kati ya vidole viwili husikii chembe hata moja.

Hapo mwanzo nilikuwa naukausha uji huo, nauponda kwenye kinu na kuuchekecha upate kuwa unga. Niliacha, na ninawasihi wengine waache. Vumbi la mchanga wa silika na udongo mkavu ni hatari kwa mapafu: chembe zake ndogo zikiingia ndani hazitoki, zinaacha makovu, na ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuurudisha nyuma. Kwa nini nikaushe kitu ambacho nitakilowesha tena? Sasa namimina uji moja kwa moja juu ya mchanga uliooshwa, nakoroga mpaka upate kuwa matope, nakanyaga, kisha natandaza juu ya turubai kivulini ili maji ya ziada yaondoke yenyewe. Jua la Morogoro la mwezi wa nane likiwa jirani, mchanga unafika unyevu unaotakiwa kwa siku moja na nusu. Kila baada ya saa mbili naugeuza kwa beleshi ili usikauke juu na kubaki na tope chini. Njia hii ina faida nyingine ambayo sikuitarajia, kwamba udongo ukiwa majimaji unaifikia kila chembe, na ule ulevi wa huku na kiu ya kule vinakwisha.

Kujua kiasi cha udongo uliomo ndani ya uji si kazi ngumu. Pima lita moja ya uji, ikaushe kabisa kwenye sufuria kuukuu, pima uzito wa kinachobaki. Mimi hulenga kilo tatu za udongo wa kichuguu, nikihesabu ukiwa mkavu, kwa kilo 20 za mchanga wa mtoni. Ni asilimia 15 ya uzito wa mchanga, karibu mara mbili ya kiasi ambacho ningekitumia kama ingekuwa bentonaiti, kwa sababu udongo wetu wa kawaida hauvimbi wala haushiki kwa nguvu ile. Mchanga ukiwa na udongo mwingi namna hiyo unataka maji mengi zaidi pia, kiasi cha asilimia tano.

Anayepata bentonaiti asiikatae. Wachimbaji wa visima virefu huitumia kuzuia kuta za kisima zisiporomoke, na mara nyingi mfuko uliochanika au uliobaki nusu hauna kazi kwao tena mtambo ukishahama. Mwaka juzi niliomba mfuko kama huo mahali walipokuwa wakichimba, nikapewa. Tahadhari yake ni moja: baadhi ya bentonaiti za visima huchanganywa na kemikali za kuzidisha mnato wa majimaji, kwa hiyo jaribu kilo mbili za mchanga kwanza kabla hujaharibu ndoo nzima. Na bentonaiti usiitie kwenye maji, maana itajikunja mabonge yasiyoyeyuka. Ichanganye ikiwa kavu na mchanga wenye unyevu kidogo, ukivaa barakoa nzuri, kisha nyunyiza maji kidogo kidogo huku ukikanyaga.

Kukanyaga kwenyewe hufanya hivi. Natandaza mchanga kwenye turubai kwa unene wa sentimita tano, navaa buti za mpira zilizooshwa, naanza ukingoni na kuingia katikati kwa hatua fupi, kila hatua nikiusokota mguu kidogo kama mtu anayezima kijinga cha moto. Nikimaliza naukunja kwa kushika ncha za turubai, rundo linajigeuza, natandaza tena. Mara kumi, mara kumi na mbili. Mwanzoni mchanga unalia chini ya buti kwa sauti kavu ya kukwaruza. Inafika wakati sauti hiyo inafifia, mchanga unakuwa mzito na kimya, na unyayo wa buti unabaki umechorwa na kila mstari wake. Hapo nausukumia ndani ya ndoo, naufunika kwa gunia bichi, nabana mfuniko, nauacha ulale. Asubuhi yake ukifungua utaukuta umebadilika kwa namna ambayo ni vigumu kuieleza kwa asiyewahi kuushika: maji ni yaleyale, udongo ni uleule, lakini sasa unashikana kwa kubonyezwa kidogo tu.

Kipimo cha mwisho ni mkono. Chota konzi, bana kwa nguvu, fungua. Mchanga uliokubali unatoka ukiwa na umbo la ngumi, mistari ya vidole ikionekana, na kiganja kinabaki kisafi. Uvunje katikati kwa mikono miwili kama unavyovunja muwa: unatakiwa ukatike mara moja, kwa makali, bila kumomonyoka na bila kunyumbuka. Ukimomonyoka, unataka maji au udongo. Ukinyumbuka na kuacha tope kiganjani, una maji mengi, na ndugu yangu, siku hiyo usimimine. Mwenye mizani ya jikoni anaweza kuhakikisha kwa kupima gramu 100, kuzikaanga mpaka zikauke na kupima tena, na upungufu ndio unyevu wenyewe kwa asilimia. Mimi nilifanya hivyo kwa mwaka mzima mpaka mkono wangu na mizani vikakubaliana.

Kwenye mchanga wa uso huongeza kikombe kimoja cha unga laini wa mkaa kwa kila ndoo. Chembe za kwatsi, ambazo ndizo sehemu kubwa ya mchanga wetu, hutanuka ghafla zikifika sentigredi 573, na ngozi ya kalibu inapovuka joto hilo huweza kubanduka magamba na kuyaacha ndani ya metali. Unga wa mkaa unaungua kwanza na kuziachia chembe nafasi ya kutanukia, na pia unausaidia mchanga kubanduka kwenye kitu kilichosubiwa. Unga huohuo, ukitiwa ndani ya soksi kuukuu na kupigwapigwa juu ya mfano, unazuia mfano usigandamane na mchanga, na fremu ya juu isigandamane na ya chini.

Tundu la katikati la puli linataka kiini cha mchanga mgumu, kipande kinachozuia metali isilijaze tundu hilo, nacho hakitengenezwi kwa udongo. Katika mkoa wetu wenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, molasi hupatikana, na wafugaji huinunua kwa ajili ya ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa kumi za maji, ikichanganywa na mchanga safi na konzi ya unga wa ngano, inatoa tope ambalo ninalishindilia ndani ya kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa kwa urefu, nalitoa, na kulioka kwenye oveni ya mkaa mpaka liwe na rangi ya kahawa iliyokaangwa. Likipoa unaweza kuligongesha mezani na lisivunjike. Molasi huungua metali inapogandia kando yake, na kiini kinatoka kwa kupigwa na msumari.

Puli ya pili ya yule mama niliisubu kwa pistoni chakavu za injini, ambazo nazipendelea mno kuliko makopo ya soda, kwa kuwa makopo ni membamba na sehemu kubwa yake huishia kuwa povu la uchafu juu ya chungu. Mfano wa mbao niliuchonga mkubwa kidogo, milimita 203 kwa puli ya milimita 200, maana alumini hupungua kwa takriban asilimia 1.3 inapopoa. Nilishindilia kwa kiasi, nikatoboa kalibu kwa sindano ya kushonea magunia mara arobaini hivi, bila kuufikia uwazi, ili mvuke upite. Nilivaa buti za ngozi, suruali ikiwa nje ya buti, miwani ya kazi usoni, na chini ya kalibu nilitandaza mchanga mkavu badala ya kusimama juu ya sakafu ya zege, ambayo hubanduka kwa kishindo ikimwagikiwa metali. Metali iliingia kimya. Mvuke ulitoka kwenye matundu ya sindano kama pumzi ya asubuhi ya baridi, tundu la kumiminia likajaa, likatulia, likazama kidogo katikati kama inavyotakiwa.

Nilipoupasua mchanga saa moja baadaye, niliona kwenye ukingo wa puli alama ambayo sikuiweka kwa makusudi. Wakati wa kurekebisha kalibu nilikuwa nimeibonyeza kwa kidole gumba, na sasa alumini ilikuwa imebeba mistari ya kidole changu, yote, pamoja na kovu dogo la kisu. Mchanga wa mtoni na udongo wa mchwa uliichukua alama ile na kuihifadhi. Sikuipiga tupa. Puli ile bado inazunguka.

Baada ya kila kumimina, mchanga uliokuwa karibu na metali, unene wa sentimita moja hivi, unakuwa umekufa: joto limeyaondoa hata maji yaliyofungamana na udongo wenyewe, na udongo wa namna hiyo haufufuki kwa kuloweshwa. Naukwangua, nautupa kwenye njia ya bustani, na kurudishia kiasi hicho kwa mchanga mpya wenye udongo wake. Uliobaki naunyunyizia maji, naukanyaga mara tatu nne, naurudisha ndani ya ndoo. Weusi wake unatokana na mkaa, nao hauna madhara.

Wiki iliyopita rafiki aliyekuwa akitoka Kisarawe aliniletea kilo tano za udongo mweupe wa vilima vya Pugu, ule wa kaolini. Kaolini inastahimili joto kuliko udongo wa kichuguu lakini haishiki kwa nguvu, kwa hiyo nimeanza na asilimia 18 na nitaongeza ikibidi, nikiwa na shaba ya manjano akilini. Ndoo mbili ziko karakanani chini ya magunia mabichi, moja nimeiandika kwa chaki «kichuguu» na nyingine «Pugu». Jumamosi, mvua isiponyesha, zitashindiliwa katika fremu za ukubwa mmoja na kumiminiwa kutoka chungu kimoja.